Mkwe wangu amepooza na ana mimba ya miezi saba. Mjukuu wangu atakuwa salama?

Mpendwa mkunga,

Salamu kutoka Kibosho. Mimi ni mjane wa miaka 61, naishi kihambani na mwanangu wa mwisho pamoja na mkewe. Huyu mkwe wangu aliingia kwetu akitembea kwa miguu yake. Mwaka wa pili wa ndoa yao alikuwa anatoka sokoni kwa bodaboda, wakagongwa kwenye kona, uti wa mgongo ukaumia. Alilazwa miezi mitano. Aliporudi alikuwa hana hisia yoyote kuanzia chini ya matiti kushuka hadi miguuni. Mikono yake ni mizima na akili yake ni kali, ndiye anayeshika hesabu za kahawa na maziwa hapa nyumbani.

Watu walituambia mwanamke aliyepooza hazai. Sasa ana mimba ya miezi saba.

Siku ya pili ya Krismasi, ukoo wote ukiwa umerudi nyumbani, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu aliitisha kikao. Mkwe wangu hakuitwa. Wakaamua kwamba mtoto akishatimiza siku arobaini apelekwe Arusha kwa wifi yake, binti yangu, ambaye yuko kwenye ndoa mwaka wa tisa na hajapata mtoto. Walisema mtoto wa mama asiyeweza kusimama ataangushwa, ataungua, atadumaa. Mmoja akasema huenda akazaliwa na miguu kama ya mama yake. Mimi nilinyamaza. Mkwe wangu alikuwa jikoni na dirisha lilikuwa wazi. Nilipoingia nilimkuta anachambua maharage ambayo nilikuwa nimeshayachambua asubuhi.

Kliniki naenda naye mimi. Kutoka kwetu hadi barabara ya lami ni matope na kiti mwendo hakipiti, kwa hiyo mwanangu humbeba mgongoni, mimi na kijana wa jirani tunabeba kiti, kisha tunapanda bajaji. Siku ya kwanza nesi alimtazama, halafu akaniuliza mimi: "Huyu nani amempa mimba?" Mzani ni wa kusimama, hakupimwa. Kitanda kiko juu, tumbo likapimwa akiwa amekaa kwenye kiti. Kadi yake iko hapa mbele yangu ninapoandika. Amehudhuria mara tatu, na mahali pa uzito pameandikwa kistari, kistari, kistari.

Kuna mambo mengine mawili. Kwa wiki mbili sasa mkojo wake una harufu kali, ila hasikii maumivu, tukadhani ni chakula. Na juzi usiku aliumwa kichwa ghafla kama kinapasuka, uso ukamwaka moto, jasho likamtiririka shingoni huku miguu ikiwa ya baridi. Alipotoa mkojo kwa mpira, kikatulia.

Uzazi wake nitaulea mimi. Nimeshatenga mikungu ya ndizi za mtori, nimeweka samli, na kuni za maji ya kumkanda ziko tayari. Nimewakanda mabinti zangu na wake wa wanangu wakubwa, mikono yangu inaijua kazi hiyo. Lakini huyu namwogopa. Niambie ukweli, mtoto atakuwa mzima? Na je, ukoo wana haki?

Mama mkwe, Kibosho

*

Mama yangu, shikamoo.

Nitaanza na mwisho wa barua yako, kwa sababu hauwezi kusubiri. Ule mkojo na kile kichwa cha juzi usiku: mpeleke hospitali leo, usingoje tarehe ya kliniki. Aende hospitali yenye daktari na maabara, si zahanati.

Mwili wa mkwe wako chini ya matiti haujafa. Bado unahisi shida, ila hauna njia ya kuzifikisha kichwani. Kibofu kikijaa, mpira ukiziba au choo kikikwama, mimi na wewe tungeumwa tumbo tukainuka. Kwake mishipa ya damu ya chini inajikaza yenyewe na presha inaruka juu kwa dakika chache. Ndiyo maana kichwa kilipasuka, uso ukawaka na miguu ikapoa, kisha vyote vikaisha mkojo ulipotoka. Madaktari huita hali hiyo disirefleksia ya otonomiki, na humpata mtu aliyeumia uti wa mgongo juu, usawa wa kifua au shingo. Presha ya namna hiyo inaweza kumpasulia mshipa kichwani, na inaweza kupunguza damu inayomfikia mtoto.

Ikimrudia, mkalishe wima haraka na miguu ining'inie, usimlaze. Mfungulie chochote kinachombana, mkanda, kanga, sidiria. Atoe mkojo. Isipotulia mara moja, bajaji iitwe. Hata ikitulia, daktari aambiwe, maana katika mimba ya miezi saba kichwa na presha vinaweza pia kuwa dalili ya kifafa cha mimba. Sisi hatuwezi kuvitofautisha tukiwa sebuleni. Lazima mkojo upimwe protini na presha ifuatiliwe.

Kuna jambo hapa ambalo hata manesi wazuri hulikosa. Watu wengi walioumia juu namna hii presha yao ya kila siku ni ya chini, 90 kwa 60 au karibu na hapo. Siku ikisoma 130, nesi atasema ni ya kawaida. Kwake si ya kawaida. Mwombeni daktari aandike kwenye kadi, juu kabisa, presha yake ya siku zote ni ipi, ili kila atakayempima ajue anailinganisha na nini.

Sasa harufu ya mkojo. Wewe na mimi maambukizi ya njia ya mkojo yangetuchoma tukaenda kutafuta dawa. Yeye hayamchomi. Dalili zake ni hizo za harufu, mkojo kuwa na ukungu, homa, kuvuja katikati ya saa zake za mpira, na miguu kukakamaa kuliko kawaida. Hapo, mama, ndipo hatari kubwa ya mjukuu wako ilipo, wala haiko kwenye miguu ya mama yake. Maambukizi yakipanda hadi kwenye figo yanaweza kuanzisha uchungu kabla ya wakati, mkapata mtoto njiti. Mkojo uoteshwe maabara, yaani vijidudu vilivyomo vikuzwe vitambuliwe, apewe dawa inayofaa mimba, aimalize hata harufu ikiisha siku ya pili. Na kwa kuwa tumbo sasa linakikandamiza kibofu, saa zake za zamani za kutoa mkojo hazitoshi tena. Atoe mara nyingi zaidi, kwa mikono iliyooshwa kwa sabuni.

Sasa swali lako. Mtoto atakuwa mzima?

Ajali ya bodaboda hairithiwi. Uti wa mgongo ulivunjika kwenye lami, haukubadilisha chochote katika mbegu yake. Aliyesema kikaoni kwamba mtoto atazaliwa na miguu ya mama yake alisema kitu ambacho hakipo. Yapo maradhi machache yanayotembea katika familia, mfano kuzaliwa na mgongo wazi, na mama wa namna hiyo hupewa foliki asidi ya kiwango kikubwa tangu kabla ya kushika mimba. Mkwe wako hayumo katika kundi hilo.

Hata hivyo sitakudanganya kwamba mimba yake ni kama nyingine. Nchi zinazotunza kumbukumbu za kila mzazi, kama Kanada na Marekani, zimewafuatilia akina mama wenye ulemavu, na zimeona kwamba watoto wao huzaliwa kabla ya wiki 37 au wakiwa chini ya kilo 2.5 mara nyingi zaidi kidogo kuliko watoto wengine. Walio wengi huzaliwa kwa wakati na wakiwa wazima. Na ukitafuta kilichowasumbua wale wachache, unakuta mambo unayoyajua: maambukizi yasiyotibiwa, damu kupungua, umaskini, mama kuchelewa kliniki, na mama kufika kliniki asipimwe.

Vile vistari vitatu kwenye kadi vimeniuma. Uzito wa mama ndiyo njia mojawapo ya kujua kama mtoto anakua, na hapo kwa miezi yote hakuna anayejua kitu. Hakuhitajika mashine mpya. Mwanao asimame kwenye mzani akiwa amembeba mkewe, namba iandikwe, kisha asimame peke yake, namba ya pili mwitoe kwenye ya kwanza. Vivyo hivyo tumbo. Kipimo cha futi huchukuliwa mama akiwa amelala chali, kutoka mfupa wa kinena hadi kilele cha mfuko wa uzazi. Akiwa amejikunja kwenye kiti namba hiyo haina maana. Watu wawili wamnyanyue wampandishe kitandani, mmoja kwapani na mmoja magotini, na asilazwe hapo muda mrefu. Kwa kuwa vipimo vya nyuma havipo, ombeni altrasaundi ili ukuaji wa mtoto uonekane. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linasema mjamzito aonwe angalau mara 8. Yeye ameonwa mara 3, tena nusunusu. Aliyeuliza "nani amempa mimba" alikosa kazi yake, na mkikutana naye tena mna haki ya kuomba mganga mfawidhi awasikilize.

Lakini hata hapo ulipo hujachelewa. Ombeni rufaa ya KCMC, ile hospitali kubwa ya rufaa ya Moshi, sasa hivi, kabla uchungu haujaanza. Kutoka Kibosho si mbali. Aonane na daktari wa wanawake na pia na daktari wa usingizi. Utashangaa, mtu asiyesikia maumivu anataka ganzi ya nini? Ni kwa sababu uchungu wenyewe unaweza kuamsha ile presha ya juzi, na ganzi ya mgongoni, ile ya epidura, huizuia. Kupooza peke yake si sababu ya upasuaji. Mfuko wa uzazi hujikaza wenyewe bila kungoja amri ya ubongo, na wanawake wengi wa hali yake hujifungua kwa njia ya kawaida. Mkiwa huko, kiti chake na mto wa kukalia vitazamwe pia, maana tumbo limebadilisha namna anavyokaa. Pale pale KCMC kuna TATCOT, chuo kinachofundisha mafundi wa viungo bandia tangu 1981, mafundi wanaielewa kazi hiyo.

Jambo jingine ni kwamba huenda asijue kama uchungu umeanza. Maumivu ya mfuko wa uzazi hupita kwenye mishipa iliyo chini ya pale alipoumia. Basi mikono yake ifanye kazi hiyo. Asubuhi na jioni aweke viganja viwili juu ya tumbo kwa nusu saa. Tumbo likiwa gumu kama paji la uso, kisha likalegea, kisha likawa gumu tena, na hali hiyo ikawa inajirudia kwa mpangilio, safari ya hospitali. Wengine dalili yao huwa miguu kukakamaa, kukosa pumzi au kichwa kile kile. Na kwa matope mliyonayo, mwezi wa mwisho asikae Kibosho. Kama mna ndugu Moshi mjini, ahamie kwake mapema, au mwulize hospitali kama wana chumba cha akina mama wanaosubiri.

Vidonge vya kuongeza damu asiviache hata vikimfungia choo. Mpikie mnafu na maharage, maji ya kutosha, na daktari amsaidie choo kiwe laini. Kama anatumia dawa za kulegeza misuli asiziache ghafla, ila dawa zake zote zibebwe kwenye mfuko daktari azione, ili hata mtoto akizaliwa wajue wamwangalie. Mguu mmoja ukivimba kuliko mwenzake ni hospitali siku hiyo hiyo, huenda damu imeganda.

Sasa kuni zako.

Najua kumkanda mzazi ni heshima, na mama mkwe asiyekanda husemwa. Nakuomba, huyu usimkande kwa maji ya moto. Niliwahi kumhudumia mama aliyepooza aliyeletwa siku ya sita baada ya kujifungua. Aliyemkanda alimpenda kweli, alikuwa anakunja uso kwa moto wa kitambaa mikononi mwake. Mama yule hakulia hata mara moja, naye akadhani amevumilia. Hakuwa amesikia. Tulipofungua kanga, ngozi ya tumbo na mapaja ilikuwa imevimba malengelenge, mahali pengine imebaki kwenye kitambaa. Alikaa wodini wiki nyingi, na mtoto akanyonya kwa taabu.

Mfuko wa uzazi utarudi wenyewe, na kunyonyesha ndiko kunakousaidia kunywea. Maji yake ya kuoga yawe vuguvugu, uyapime kwa kiwiko chako. Wala asifungwe tumbo kwa kanga ya kukaza, itambana ngozi bila yeye kujua na inaweza kumrudishia ile presha. Na ile desturi ya mzazi kulala ndani miezi mitatu akilishwa, mlishe kweli, mtori na maziwa umpe ashibe, lakini asilale tu. Kitandani ageuzwe kila saa mbili. Kwenye kiti ajinyanyue kwa mikono kila baada ya dakika kama 20. Kila jioni wewe utazame makalio, kiuno na visigino kwa taa. Mahali penye wekundu au weusi mpya usiofifia, asipalalie tena hadi patulie. Vidonda vya kulalia huanza hivyo, na kidonda kikioza, damu na nguvu za kumnyonyesha mtoto vinapungua. Mikono yako inaijua kazi, umesema mwenyewe. Kazi ndiyo hiyo.

Kunyonyesha hakutamshinda. Mishipa inayofungulia maziwa iko usawa wa matiti, na hapo hisia zake ziko. Mtoto awekwe kifuani ngozi kwa ngozi, anyonye ndani ya saa ya kwanza. Hata akizaliwa njiti, kinachohitajika sana ni kifua cha mama, ile njia ya kangaruu, na kifua ndicho kitu mkwe wako alichobaki nacho kizima pamoja na mikono. Mfungie mbeleko kwa mbele. Asihame kutoka kitandani kwenda kwenye kiti akiwa na mtoto mkononi: kwanza ahame yeye, kisha umpe mtoto. Chai ya moto na mtoto visikae pamoja mapajani. Mwanao atengeneze meza ya kimo cha kiti, magoti yaingie chini yake, mtoto aogeshwe na kubadilishwa nepi hapo. Mbao za kihambani zinatosha.

Kuhusu kikao, ukoo hawana haki hiyo. Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa mtoto haki ya kuishi na wazazi wake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka huo huo wa 2009, unasema katika ibara ya 23 kwamba mtoto asitenganishwe na wazazi kwa sababu ya ulemavu wa mzazi. Shemeji yako mkubwa akishikilia, nendeni kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Ila kabla ya afisa kuna wewe. Ulinyamaza mbele yao, na mtoto wa watu akasikia ukimya wako kutoka jikoni. Mwite shemeji yako, mkwe wako akiwa amekaa pembeni yako, useme kwa sauti yako kwamba mtoto atalelewa na mama yake na wewe utamsaidia. Ukingoja hadi Krismasi nyingine mtoto atakuwa ameshapelekwa.

Binti yako wa Arusha naye ana kilio chake, nami sikipuuzi. Miaka tisa ni mingi. Aende hospitali na mumewe, wapimwe wote wawili. Na kama anapenda watoto, aje Kibosho wiki zile za kwanza amshikie wifi yake mtoto, amfulie, kisha arudi kwake.

Neno la mwisho la kwako, mama. Nesi alikuuliza wewe badala ya kumuuliza yeye, na ukoo wakaamua bila kumwita. Barua yako ndefu, lakini sijaona mahali ulipomuuliza yeye anaogopa nini. Msomee haya yote, umpe kalamu, aongeze maswali yake mwenyewe ya kwenda nayo kwa daktari.

Mkirudi kutoka hospitali niandikie: mkojo umeonyesha nini, presha yake ya kawaida ni ngapi, na ana kilo ngapi.